Nyushi za Kuchanjwa: Hina, Piko na Wembe

  

 Katika darsa ya wanawake inayosomwa hapa Bongwe baada ya Alasiri, aliletwa msichana aliyebakiwa na mwezi mmoja kuolewa. Mamake alimshika mkono kama ashikwavyo mtoto aliyevunja chungu. Shauri lenyewe lilikuwa hili: msichana ataka kwenda saluni moja ya Diani akatiwe nyushi za miaka miwili, na somo wake amekwisha kumkubalia. Mama amekataa, lakini hoja hana, ila kusema kwamba jambo hilo halijapata kuonekana nyumbani kwao. Msichana naye hoja anazo. Alisema kwa adabu, "Maalim, mimi siendi kuchora tatuu. Tatuu ni ya milele. Hii ni nusu tu, yafifia yenyewe. Na mama alinipaka hina tangu nikiwa mchanga. Hina nayo si rangi juu ya ngozi?"

Kumwambia "haramu" kungalitosha kumnyamazisha, kusingalitosha kumfunza. Tukamwomba atupe Ijumaa mbili. Tukauliza kwa wanaoifanya kazi hiyo, tukauliza kwa daktari, kisha tukarudi vitabuni. Haya ndiyo tuliyoyapata, nasi twayaandika hapa kwa sababu msichana huyo si wa peke yake. Kutoka Likoni hatta Msambweni swali ni hilo hilo, na mabinti wengi hawaulizi, huenda tu.

Kwanza yafaa tujue tunalolizungumza, kwani kutoa hukumu juu ya kitu usichokijua ni dhulma kwa mwenye kitu na kwa sheria pia. Vinavyofanywa katika nyushi siku hizi ni vya namna nyingi, na watu huvifunga vyote katika fundo moja. Yuko anayetia wanja jioni na kuuosha alfajiri. Yuko anayepaka hina, ikatia rangi katika nywele na katika ngozi iliyo chini yake; ya ngozini huondoka kwa siku chache au wiki moja hivi, ya nyweleni hukaa zaidi. Yuko anayetia piko ili zije nyeusi. Wako wanaozilaza nyushi kwa dawa ile ya jamii ya inayonyoosha au kukunja nywele za kichwani, zikakaa upande mmoja muda wa wiki sita au nane. Hizo zote ni za juu.

Kisha ziko za ndani. Moja huitwa maikrobledingi: fundi hushika kijiti chenye sindano nyembamba zilizopangwa safu moja mfano wa wembe, akachanja ngozi mistari midogo midogo kama nywele, akasugua rangi katika michanjo ile. Nyingine hufanywa kwa mashine yenye sindano inayodunga nukta nyingi, nyushi ikaonekana kama iliyopakwa poda. Mafundi wenyewe husema kuwa ile ya wembe haiwafai wenye ngozi ya mafuta, kwani mistari huvimbiana ikawa doa, na kwamba ya nukta huvumilia zaidi joto na jasho la pwani. Zote mbili hukaa mwaka mmoja hatta mitatu, na baada ya wiki nne hadi nane mteja hurudi kukamilishiwa zilipopauka. Bei yake ni maelfu ya shilingi. Basi msichana wetu alipotujia hakuwa akiuliza afanye au asifanye. Alikuwa akichagua baina ya wembe na nukta. Hapo ndipo ilipo tofauti ya zama zetu na za mama zetu.

Sasa turudi katika dini. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdallah bin Masud (r.a.) kwamba wamelaaniwa wenye kuchanja ngozi na kutia rangi, na wenye kuchanjwa, na wenye kung'oa nywele za uso, na wenye kung'olewa, na wenye kuachanisha meno kwa ajili ya uzuri, wanaobadilisha alivyoumba Mwenyezi Mungu. Habari ilipomfikia mwanamke mmoja wa Bani Asad, jina lake Umm Yaqub, ambaye alikuwa msomaji wa Qurani, hakukaa nyumbani akanung'unika. Alimwendea bin Masud akamkabili kwamba amesoma Msahafu mwanzo hatta mwisho wala hakuliona hilo. Akamjibu kuwa kama angalisoma kwa kuzingatia angaliliona, kwani Qurani imetuamuru kukipokea alichotupa Mtume na kujizuia na alichotukataza. Nayo ni aya ya 7 katika Sura ya Al-Hashr. Bibi yule hakuridhika bado. Akasema kuwa yeye adhani mke wa bin Masud mwenyewe hufanya hayo. Bin Masud akamwambia aingie ndani atazame. Akaingia, akatazama, asione kitu.

Twawaomba wazee wanaokasirika wakiulizwa na mabinti zao waitazame habari hii vizuri. Sahaba mkubwa aliulizwa na mwanamke, akapingwa, akashukiwa hatta juu ya mke wake, na jawabu lake lilikuwa kufungua mlango wa nyumba.

Basi kuchanja na kutia rangi kumekatazwa, na hilo maulamaa hawakulivutania. Hoja ya msichana ni kuwa hii ya saluni si ile. Na wapo wanazuoni wa zama hizi waliosema kwamba rangi ikiwa yakaa katika ngozi ya juu tu, haichanganyiki na damu, nayo yaondoka yenyewe baada ya muda, hukumu yake ni hukumu ya hina. Maneno haya si ya kubezwa, yamejengwa juu ya sharti iliyo sahihi. Lakini je, sharti yenyewe ipo?

Hapa daktari alitufaa sana. Ngozi ya mwanadamu ina tabaka. Ile ya juu kabisa haina mishipa ya damu, nayo hujivua na kujifanya upya daima, kwa kadiri ya mwezi mmoja hivi. Ndiyo sababu hina huondoka: haikufutika, bali ngozi iliyoishika imekwisha kubambuka. Chini yake iko tabaka ya pili yenye damu na mishipa ya fahamu, na hiyo haijivui. Kila kinachotiwa humo hukaa. Sasa tuhesabu, na hesabu hii hata mtoto wa chuo aiweza. Ikiwa ngozi ya juu yaondoka kwa mwezi, rangi iliyomo katika ngozi ya juu peke yake itakaaje miaka miwili? Ama fundi amesema kweli kuwa haikupita juu, basi itatoweka mwezi ujao na mteja ameibiwa fedha zake. Ama itakaa miaka miwili kama alivyoahidi, basi imeingia kwenye damu. Hayawezi kuwa kweli yote mawili. Na mafundi tuliowauliza hawakukataa: wakichanja, vidoa vya damu hutoka, nao huvipangusa kwa pamba kisha wakasugua rangi.

Neno "nusu ya kudumu", basi, ni neno la biashara. Yafifia kwa sababu rangi yenyewe ni haba na dhaifu na mwili huila kidogo kidogo, si kwa sababu imetiwa mahali pengine. Na wengine haiwatoki kamwe. Hubakia na kivuli chekundu au cha kijivu, kwani rangi ile ina mchanganyiko, na kila kimoja hupotea kwa wakati wake.

Tena sisi watu wa Kwale tulikuwa wa mwisho kustahili kudanganyika katika jambo hili, maana twalijua kwa jina lake la zamani. Ngozi ikakatwa kwa wembe, mikato midogo midogo, kisha kikasuguliwa kitu cheusi ndani: hii si chale? Miaka mingapi tumesimama misikitini kuwakemea waganga wanaowachanja watoto wetu chale na kuwasugua dawa? Leo wembe umevikwa karatasi safi, mganga amevaa glavu, na chale zimehama kifuani zikapanda usoni.

Wala isidhaniwe kuwa twawadharau wenye alama katika nyuso zao. Tunao jirani zetu Wamakonde hapa Kwale, ambao baada ya kukaa miaka mingi bila ya kitambulisho walikubaliwa kuwa raia wa Kenya mwaka 2016. Wazee wao wengine wana nembo usoni walizochanjwa utotoni. Aliyechanjwa akiwa mtoto hana dhambi, wala akisilimu haambiwi aung'oe uso wake. Tutalirudia hili.

Katika madhehebu yetu ya Shafi kuna jambo jingine ambalo mabinti hawalijui. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza kuwa mahali palipochanjwa namna hii huwa najisi, kwa sababu ya damu iliyogandamana pamoja na rangi, na kwamba kuondoa ni wajibu ikiwezekana pasipo madhara. Ikiwa kuondoa kwaleta madhara, au kuharibu kiungo, au aibu kubwa katika kiungo cha dhahiri kama uso, haimpasi mtu kuondoa, toba yamtosha. Basi jambo hili linaigusa sala yenyewe, si pambo tu. Na udhu je? Mteja hupewa sharti asiurowanishe uso mahali pale siku saba au kumi mpaka kovu lianguke. Mwenye jeraha kweli ana ruhusa yake: huosha palipo pazima na kutayamamu kwa palipo na jeraha. Lakini mtu kujitia jeraha kwa fedha zake ili uso wake usioshwe vipindi vitano kwa siku kumi, hizo ni sala khamsini. Bibi harusi atakayeianza ndoa yake namna hiyo ataianza vipi?

Na tulipokuwa tukizungumza, bibi mmoja mtu mzima aliyekuwa kimya pembeni alisema neno ambalo sisi wenye vitabu hatukuwa tumelifikiria. Aliuliza, "Na akifiwa?" Mjane ana eda ya miezi minne na siku kumi, na katika siku hizo haruhusiwi kujipamba; wanja huachwa, hina huachwa. Wanja huoshwa. Nyushi za kuchanjwa atazivua wapi? Atakaa edani na pambo usoni, na kila ajaye kumpa pole ataliona. Vivyo hivyo kwa mke aliye na mumewe. Pambo la kumpambia mume huvaliwa mlangoni kwake na kuvuliwa atokapo. Lililo ndani ya ngozi hutoka naye mpaka sokoni Ukunda. Yule bibi hakusoma kitabu hatta kimoja cha fiqhi, nasi twamwombea dua.

Tumeeleza wembe, sasa piko. Hapa watu hudhani wamekimbilia usalama, kwani piko haichanji. Piko ni dawa ya nywele ya unga, na weusi wake watokana na kemikali iitwayo para-fenilinidiamini. Katika nchi za Umoja wa Ulaya kemikali hii hairuhusiwi kuzidi sehemu mbili katika mia ndani ya dawa ya nywele, na vifurushi hubeba onyo kuwa isitiwe katika kope wala nyushi. Marekani hairuhusiwi kupakwa katika ngozi, nao walijifunza kwa uchungu: mwaka 1933 ilikuwapo huko dawa ya kope na nyushi iitwayo Lash Lure, yenye kemikali hiyo, ikawaunguza wanawake macho, yuko aliyepofuka, yuko aliyekufa. Habari hizo zilikuwa miongoni mwa sababu za kutungwa sheria yao ya vyakula, dawa na vipodozi ya mwaka 1938. Hapa kwetu nani hajamwona bibi harusi aliyevimba mikono kwa piko? Na malengelenge ya mkononi ni afadhali kuliko ya jichoni. Tena mwenye kudhurika mara moja huweza kudhurika vibaya zaidi mara ya pili, hatta kwa kiasi kidogo. Kujidhuru kumekatazwa; hili halihitaji hadithi ya wachanjaji.

Ujue pia kuwa hina ya kweli haiji nyeusi. Huanza rangi ya chungwa, ikaiva kuwa ya udongo au kahawia, nayo yataka saa nyingi. Ukiambiwa "hina nyeusi", ikashika kwa muda mfupi, hiyo ni piko iliyoazima jina.

Na nyinyi wanaume mnaotikisa vichwa mkisoma haya, ngojeni kidogo. Abu Quhafa, babake Abubakar (r.a.), aliletwa siku ya kufunguliwa Makka, kichwa na ndevu zake zi nyeupe pepe, Mtume (s.a.w.) akaamuru zibadilishwe rangi, lakini waepuke nyeusi. Katika safu za mbele za misikiti yetu ndevu ngapi nyeusi za wenye wajukuu? Ni unga ule ule wa piko. Hina pamoja na katam imesifiwa kwa mvi, nayo yatosha. Mwenye ndevu za piko asimkemee binti kwa nyushi mpaka kwanza ajitazame kiooni.

Kuhusu kutinda nyushi kwa uzi au kwa wembe hatutasema sana. Kung'oa kumo katika hadithi ile ile. Nawawi amevua katika makatazo hayo mwanamke aliyeota ndevu au sharubu, huyo yafaa aziondoe. Bin Hajar, aliyefariki mwaka 852 wa Hijra, amenakili kuwa wako waliopambanua baina ya kung'oa na kunyoa, na waliosema kwa idhini ya mume. Mambo yenye khitilafu hayafanywi fimbo ya kuwapigia watu. Mwenye kujihadhari amepata salama yake.

Imebaki mas-ala iliyo ngumu kuliko zote, nayo iliulizwa na mama aliyetibiwa saratani. Dawa zilimwangusha nywele za kichwa, kope na nyushi. Za kichwani zimerudi, nyushi hazikurudi. Asema kuwa watoto wadogo humkimbia. Je, naye aambiwe maneno yale yale? Hapana. Makatazo yametaja kufanya kwa ajili ya kuzidi uzuri, na huyu hatafuti kuzidi, atafuta kurudi alivyokuwa. Arfaja bin Asad alikatwa pua katika vita vya Kulab, akatia pua ya fedha ikamnukia, Mtume (s.a.w.) akamwamuru atie ya dhahabu, na dhahabu kwa mwanamume ni haramu. Abu Daud na Tirmidhi wameipokea. Hivyo kuondoa aibu ya ugonjwa au ya moto kuna mlango wake. Walakini tulimwambia aanze na lililo jepesi: wanja, na hina juu ya ngozi, arudie kila inapopauka. Yasipomfaa, na daktari akamhakikishia kuwa mwili wake waweza kuhimili, basi shida ina hukumu yake, na aulize kwa mwanachuoni atakayeiona hali yake kwa macho. Na asikubali sindano iliyotumika kwa mwingine. Kwa sindano hupita ukimwi na homa ya ini. Na wengi katika sisi Waafrika ngozi zetu huvimba makovu makubwa, naye aliye na asili hiyo asijaribu kabisa.

Waliokwisha kuchanjwa watubu, waendelee na sala zao, wala wasikubali kuambiwa na wapiga domo kuwa ibada yao imeporomoka milele. Miale ya leza huweza kuondoa rangi, nayo ina gharama na hatari yake. Asiyeiweza, au anayechelea kudhurika, hakukalifishwa. Hali yake ni karibu na ya wale wazee wa nembo.

Msichana wetu alirudi Ijumaa ya pili, akasikiliza yote, akauliza maswali zaidi ya tuliyoyatarajia, hatta la wanja wa kalamu wenye nta, ambao kwa kweli huzuia maji ya udhu na hapana budi kuuondoa kwanza. Akaongezewa na daktari kuwa wanja mwingi unaoletwa kutoka nje una risasi ndani yake, achague. Aliolewa na nyushi za hina. Mamake alilalamika kuwa zimezidi wekundu.

Lakini aliyetupa taabu ni mwingine. Darasani alikuwamo binti wa hapa hapa Bongwe ambaye kazi yake ni hiyo. Ndiye tuliyemwuliza habari za wembe na damu, akatujibu kwa ukweli pasipo kujificha. Hadithi imemtaja mwenye kuchanja kabla ya kumtaja mwenye kuchanjwa, naye alilisikia hilo pamoja na wenzake. Analisha mama na wadogo zake wawili, na mashine aliinunua kwa fedha za chama cha akina mama, hajamaliza kuzilipa. Akauliza kama ataruhusiwa kuiuza. Tulimwambia kuwa kumwuzia atakayeifanyia kazi ile ile ni kama kumwuzia zabibu mwenye kukamua mvinyo. Akimpata wa hospitali anayetibu makovu ya walioungua, hapo hapana neno. Ameshika hina na kupamba maharusi, na chama kimemwongezea muda. Mashine, wakati tuandikapo haya, ingali kabatini kwake, na mwenye kumjua mnunuzi wa namna hiyo amwarifu maalim wa darsa.

Wallahu aalam.